Namna ya Kuchunguza Nafasi ya Mwanabenki katika Kashfa ya 1MDB

Anayetaka kuelewa jinsi Tim Leissner wa benki ya Goldman Sachs alivyohusika katika wizi wa fedha za 1MDB, mfuko wa maendeleo wa serikali ya Malaysia, na aanzie kwenye ada. Kati ya Mei 2012 na Machi 2013 benki hiyo iliuza hatifungani (hati za mkopo) za mfuko huo mara tatu, jumla dola bilioni 6.5, ikajipatia takribani dola milioni 600. Hiyo ni zaidi ya asilimia 9, kiwango kikubwa mno kwa mkopo wenye mkono wa serikali. Mteja anayelipa ada ya namna hiyo bila kulalamika ana jambo jingine analolinunua, nawe huna budi kuuliza ni lipi.

Kisha mtafute mtu ambaye jina lake halimo kwenye mikataba. Hapa ni Jho Low, mfanyabiashara wa Malaysia anayedaiwa kuupanga wizi huo, ambaye wasimamizi wa maadili ndani ya Goldman walimkataa kuwa mteja, ilhali Leissner aliendelea kumtumia kuwafikia wakubwa wa Malaysia na Abu Dhabi huku akiwaficha wasimamizi hao.

Hatua inayodai subira zaidi ni kulinganisha majina ya kampuni herufi kwa herufi, pamoja na mahali zilikosajiliwa. Aabar Investments PJS ilikuwa kampuni halali ya Abu Dhabi. Aabar Investments PJS Limited, kampuni tofauti yenye jina linalokaribia kufanana, ilisajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, na ndiyo iliyopokea takribani dola milioni 577 siku moja tu baada ya mauzo ya kwanza kukamilika. Fedha zilitoka hivyo, deni likabaki kwa wananchi wa Malaysia, ambao hawakuulizwa lolote.

Katika hati za mahakama, tenganisha kukiri na kutiwa hatiani. Leissner alikiri makosa mwaka 2018, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili mwaka 2025. Roger Ng, mwenzake wa Goldman aliyekana mashtaka, alitiwa hatiani mwaka 2022 na baadaye akapewa miaka 10. Leissner alitoa ushahidi dhidi ya Ng akitarajia kupunguziwa adhabu, na kizimbani alikubali kwamba aliwahi kusema uongo mwingi. Kwa hiyo, kila anapomtaja mwingine, tafuta kumbukumbu ya malipo inayolingana na maneno yake. Isipokuwepo, andika kwamba hayo ni madai yake.