Hesabu za mchanganyiko: anza na kile kisichobadilika

Nafundisha hesabu vijana wa sekondari hapa Chake Chake, na mafumbo ya mchanganyiko ndiyo wanayoyaruka sana. Aljebra wanaiweza. Tatizo ni kwamba wanakimbilia x kabla hawajajua wanahesabu nini.

Tuchukue hili. Mwenye duka ana mchele wa mapembe wa shilingi 2,400 kwa kilo, na wa Mbeya wa shilingi 3,600. Anataka kilo 60 za mchanganyiko, auze shilingi 2,800 kwa kilo, na fedha ibaki ileile kama angeuza kila aina mbali. Achanganye kilo ngapi ngapi?

Hatua ya 1. Jiulize: kitu gani hakibadiliki? Bei ya kilo inabadilika. Thamani ya mchele wote haibadiliki, hata ukiukoroga vipi. Basi mlinganyo wako utakuwa wa thamani.

Hatua ya 2. Tumia herufi moja. Mchele wa Mbeya uwe kilo x. Wa mapembe ni 60 − x, kwa sababu jumla tunaijua.

Hatua ya 3. Zidisha kila kilo kwa bei yake, kisha andika:

3,600x + 2,400(60 − x) = 2,800 × 60

Fungua mabano: 3,600x + 144,000 − 2,400x = 168,000. Hapo 1,200x = 24,000, na x = 20. Mbeya kilo 20, mapembe kilo 40.

Hatua ya 4. Hakiki: 72,000 + 96,000 = 168,000. Sawa.

Sasa itazame ile 2,800. Katikati ya bei mbili ni 3,000, lakini hiyo ingekuwa bei ya mchanganyiko endapo kilo zingelingana. Kutoka 2,400 hadi 2,800 ni 400. Kutoka 2,800 hadi 3,600 ni 800. Bei imesogea upande wa mapembe, kwa hiyo mapembe ndiyo mengi, mara mbili ya Mbeya. Nawasihi wanafunzi wangu wakadirie hivi kabla ya kushika kalamu: jibu linalosema Mbeya ni kilo 40 utalikataa papo hapo.

Mwendo wa gari nao ni vivyo hivyo. Ukienda kilomita 30 kwa mwendo wa 60 kwa saa na kurudi kwa 40, wastani si 50. Umetumia nusu saa kwenda na dakika 45 kurudi: kilomita 60 kwa saa 1.25, yaani 48. Kinachobeba uzito hapa ni saa, na saa nyingi zimekwenda kwenye mwendo mdogo.

Fumbo ninalolipenda zaidi ni la mabwawa ya chumvi, ambayo Pemba tunayo. Maji ya bahari yana chumvi kama asilimia 3.5. Una kilo 100 za maji hayo bwawani. Jua likaushe kilo ngapi za maji ili chumvi ifike asilimia 10? Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Chumvi ni kilo 3.5 mwanzo na mwisho:

3.5 = 0.10(100 − x)

100 − x = 35, basi x = 65.

Fanya hili mwenyewe: kilo 10 za maji ya bahari zimenyeshewa mvua hadi chumvi ikashuka kufika asilimia 1. Mvua imeongeza kilo ngapi? Jibu ni 25. Ukipata jingine, rudi hatua ya 1.