Kadi ya Grafiksi kwa Mashine ya Gemu Mwanza: Mtumba au Mpya?

Jibu langu kama fundi: kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, ukiitaka ya mtumba nunua ile tu uliyoishika na kuiona ikifanya kazi hadi ikapata joto. Ya kuletewa kwa basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, iwe mpya yenye risiti. Lakini kabla ya kufika kwenye bei kuna mambo ya kuangalia, na wengi huyaruka.

Hatua ya 1: Fungua mashine yako kwanza

Mashine nyingi za gemu hapa mjini, kuanzia Kirumba hadi Igoma, asili yake ni kompyuta za ofisi zilizoingia kama mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk. Prosesa zake bado zinafaa. Tatizo ni pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. OptiPlex 7010 ile nyembamba ina wati 240 tu kwa mashine nzima.

Linganisha na kadi zenyewe (RX ni za AMD, GTX na RTX ni za NVIDIA): RX 580 inakula wati 185, RTX 3060 wati 170, RX 6600 wati 132, RTX 4060 wati 115. GTX 1650 ni wati 75, na nyingi hazihitaji waya wa ziada. Kwa hiyo RX 580 ya bei poa inaweza kukulazimisha kununua pawa saplai nyingine, na ukiwa na OptiPlex 9020 plagi yake si ya kawaida, utahitaji na adapta. Ongeza gharama zote hizo kwenye bei ya kadi, halafu ndipo useme ni rahisi.

Usikubali waya wa kubadilisha plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski, iwe plagi ya kadi kubwa. Plagi ile uwezo wake kwenye volti 12 ni wati 54 tu. Ukiilazimisha inayeyuka, na nyumba inaweza kuungua.

Pima pia nafasi ndani ya keisi kwa rula. Keisi nyembamba inataka kadi ya nusu kimo.

Hatua ya 2: Jua unachezea nini

Kwa skrini ya kawaida ya 1080p, tafuta kadi yenye memori ya GB 8. GB 4 zinatosha gemu za mpira na za zamani, basi. Gemu kadhaa kubwa zilizotoka tangu 2024 hazifunguki kabisa bila kadi yenye rei tresingi (uwezo wa kukokotoa jinsi mwanga unavyosafiri kwenye picha), kwa hiyo GTX 1660 inaachwa nje wakati RTX 2060 inaingia.

Kadi za GTX 900 na GTX 10, NVIDIA imeacha kuzitolea draiva (programu za kuendeshea kadi) mpya za gemu tangu Oktoba 2025. Zimebakiziwa marekebisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028. Ukiuziwa GTX 1060, bei yake iendane na hali hiyo.

Na upya peke yake hautoshi. RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe, yaani sloti inayounganisha kadi na mazabodi. Ukiichomeka kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 au 2.0, kasi inashuka hata kama umeitoa kwenye boksi leo.

Hatua ya 3: Linganisha bei

Kipimo changu: mtumba usipokuwa chini ya mpya kwa angalau theluthi moja, chukua mpya. Punguzo dogo halilipi hatari ya kukosa waranti.

Mfano mgumu ni RTX 3060 ya mtumba dhidi ya RTX 4060 mpya. Kwa gemu tupu, 4060 ina kasi zaidi na umeme wa LUKU unakwenda taratibu. Lakini ile 3060 yenye memori ya GB 12, kwa kijana ambaye usiku anacheza gemu, na mchana anahariri video za harusi, mimi ningemwambia aichukue, mradi ipite hatua ya nne.

Hatua ya 4: Pima kadi ya mtumba

Hapa usiwe na haraka wala aibu. Mwambie muuzaji: "Kaka, naomba niione ikiwaka kwenye mashine." Akikataa, ondoka.

Anza na macho. Je, ina sehemu za kuchomeka skrini? P106-100, kadi ya NVIDIA iliyotengenezwa kwa kuchimba sarafu za kidijitali, haina hata moja. Angalia kutu kwenye bati la nyuma, skrubu zilizochubuka, alama za kuungua kwenye plagi. Vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani walioganda kwenye rejeta (mabati ya kupoza kadi) visikutishe, hivyo vinasafishika kwa brashi na blowa. Zungusha feni kwa kidole: isikwame wala kuyumba.

Kisha washa GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi. Kadi bandia, kwa mfano ya zamani iliyobadilishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ijiite GTX 1050 Ti, programu hii mara nyingi huiandikia neno FAKE. Ukiona RX 580 yenye kore (vitengo vya kuchakata) 2048 badala ya 2304, hiyo ni aina dhaifu, na bei ishuke.

Sasa endesha FurMark, programu ya kuilemea kadi kwa kazi nzito, kwa nusu saa, kisha gemu nzito. Vitone vya rangi, mistari au skrini kuzima ni dalili za kuikataa. Joto la nyuzi 65 hadi 83 ni la kawaida. Sehemu ya chipu yenye moto zaidi ikizidi joto la jumla kwa nyuzi 30, huenda pesti ya kupitisha joto imekauka. Inabadilishika, ila omba punguzo.

Kadi iliyochimba sarafu siikatai moja kwa moja. Nyingi ziliingia sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, na kinachochoka zaidi ni feni na pedi za joto.

Hatua ya 5: Hata mpya ikague

Namba ya boksi ifanane na ya kwenye kadi. Waranti iandikwe kwenye risiti: miezi mingapi, na nani analipia usafiri ikirudishwa Dar. Jihadhari na RX 580 "mpya", maana mara nyingi chipu yake imeng'olewa kwenye kadi kuukuu.

Ukifika nyumbani, futa draiva za zamani, weka mpya, rudia kipimo cha nusu saa kabla muda wa kurudisha mliokubaliana haujaisha.