Mimba imetoka, maneno yameanza: namna ya kujilinda ukiwa Moshi

Moshi kunajuana. Anayekaa Pasua ana shangazi Majengo, na shangazi anasali jumuiya moja na mama wa Kiboroloni. Kwa hiyo amua mapema nani ajue, usingoje kuulizwa.

Kabla ya maneno, mwili. Aibu ndiyo inayowaweka wengi nyumbani huku wakizidiwa. Ukilowesha pedi kubwa mbili au zaidi kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, au ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo lisilotulia kwa dawa au kizunguzungu, nenda hospitali ya Mawenzi, ya KCMC au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku. Sheria ya Tanzania inabana sana utoaji mimba, lakini kutibiwa baada ya mimba kutoka ni huduma halali, na mhudumu anapaswa kukutunzia siri. Kama kuna kitu kiliingizwa ukeni au ulikunywa mitishamba, sema: hapo kuna hatari ya pepopunda, kutoboka mfuko wa uzazi au sumu, na matibabu hubadilika. Ukitukanwa, omba kumwona mganga mfawidhi au afisa ustawi wa jamii. Usiondoke bila kutibiwa.

Mimba ikiwa imefika miezi minne au zaidi, maziwa huweza kutoka siku chache baadaye, na hapo ndipo gauni hulowa mbele za watu. Vaa sidiria inayobana vizuri mchana na usiku, weka kitambaa cha baridi dakika 10 hadi 15, na usiyakamue. Ukikamua, yanaendelea kuja. Kipimo cha mkojo nacho huweza kuonyesha mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wifi akikulazimisha kupima, kataa.

Jibu la maswali liwe moja, fupi, lile lile kwa kila mtu: “Niliugua, mama, sasa naendelea vizuri, asante.” Kisha uliza habari za kwake. Kinachowaponza watu ni maelezo marefu: leo malaria, kesho tumbo, na jioni sokoni wanalinganisha. Kunyamaza si kudanganya.

Mwambie mtu mmoja. Mpime hivi: je, huwa anakuletea siri za wenzake? Basi yako nayo itasafiri. Mweleze ana kwa ana, si kwa WhatsApp, maana picha ya ujumbe haifutiki kwenye simu ya mwingine.

Akitokea wa kukutisha umpe hela asiseme, usimpe. Wa namna hiyo hurudi. Hifadhi ujumbe wake, na kwa sababu ya sheria tuliyotaja, zungumza na watoa msaada wa kisheria kabla ya kwenda polisi. Shirika la KWIECO hapo Moshi husaidia wanawake.

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, huli wala hulali, omba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Ukiwaza kujidhuru, usilale peke yako: mpigie yule mmoja uliyemchagua, mwende hospitali usiku huo huo.