Namna ya kukagua almasi ya rangi kabla ya kuinunua

Ulizia kwanza rangi imetoka wapi, karati (uzito wa jiwe) baadaye. Almasi mbili zinazofanana kwa macho huweza kupishana bei mno kwa sababu moja ilipata rangi ardhini na nyingine maabara.

Njano huletwa na nitrojeni iliyonaswa ndani ya kaboni, buluu na boroni, kijani na mionzi ya ardhini, waridi na fuwele kupindwa kwa shinikizo. Waridi imezidi kuadimika tangu mgodi wa Argyle, Australia, uliotoa sehemu kubwa ya almasi hizo duniani, ufungwe mwaka 2020.

Likague jiwe likiwa nje ya pete, kwani dhahabu ya njano huikoleza almasi ya njano, na dhahabu nyekundu huikoleza ya waridi. Liweke kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja; taa kali za dukani hupotosha. Litazame kwa juu na uliinamishe taratibu. Rangi inapaswa kujaa hadi kingoni; katikati pakipauka, ukataji umeipoteza. Nusu karati iliyokolea ni bora kuliko karati nzima iliyofifia.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara 10, ugeuze upande wa chini. Mikwaruzo au mabaka ya rangi yanaashiria jiwe limepakwa. Rangi iliyojikusanya mithili ya mwavuli kuzunguka ncha ya chini ni dalili ya mionzi ya kiwandani. Ila usipoona kitu, usitulie: jiwe lililobadilishwa rangi kwa joto na shinikizo huweza kupita lenzi bila kugundulika. Hata kipimo cha umeme hakitoshi. Buluu ya boroni hupitisha umeme, lakini hata ile iliyokuzwa maabara kwa boroni hupitisha vilevile.

Ndiyo maana cheti ni lazima. Kwenye cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, chanzo cha rangi kisomeke "Natural", yaani ya asili. Daraja la "Fancy Vivid" limekolea kuliko "Fancy Intense", nalo hilo kuliko "Fancy" tupu. Katika jina la rangi, neno la mwisho ndilo rangi kuu: "Purplish Pink" ni waridi yenye uzambarau kidogo. Kama kiunoni mwa jiwe, yaani kwenye ukingo wake mpana zaidi, pamechorwa namba kwa leza, ilinganishe na ya cheti, tarakimu kwa tarakimu.

Pete ikihitaji kulehemiwa, almasi ya kijani itolewe kwanza. Moto wa sonara unaweza kuibadilisha rangi, na rangi hiyo hairudi.