Kapeti la gari linalowa? Usikimbilie kulaumu AC

Sisi wa Tanga hita hatuna habari nayo, kwa joto hili nani aiwashe? Ndo maana ikianza kuvuja unakaa miezi hujui, unaona tu maji ya rejeta yanapungua na chini ya gari pakavu kabisa. Mi nilishtukia siku napanda Lushoto, nimeshaiacha Mombo naanza zile kona, kibaridi kikanipiga nikafungulia hewa ya moto, kioo cha mbele chote kikaingia ukungu wenye kama mafuta mafuta na harufu tamu tamu ikajaa ndani. Na kabla ya hapo kuna fundi alishanizibulia bomba la kutolea maji ya AC mara mbili, hela nimelipa mara mbili, kapeti linalowa vilevile.

Hita ni rejeta ndogo tu imejificha nyuma ya dashibodi, maji ya moto ya injini yanaingia kwa mpira mmoja yanatoka kwa mwingine. Gari likizeeka inaliwa na kutu, hasa kama umezoea kujazia maji ya kisima yenye chumvi. Sasa shida ni kwamba AC na hita mara nyingi zote zinamwagia miguuni kwa abiria, hapo ndo watu wanapigwa.

Anza na tishu nyeupe, kandamiza kwenye kapeti. Ikitoka na rangi ya kijani au pinki na inateleza vidoleni, hiyo ni kulanti, yale maji ya rejeta yenye dawa. Usionje jamani, tamu ndiyo lakini ni sumu, na kama una paka au mbwa nyumbani futa kabisa. Ila wengi wetu tunatembelea maji ya bomba matupu, hayana rangi wala harufu, kwa hiyo fanya hivi: asubuhi injini ikiwa ya baridi jaza maji, weka alama kwenye tenki la akiba la maji ya rejeta, kausha kapeti, halafu siku mbili usiguse AC kabisa, jasho litakutoka lakini vumilia, na uendeshe ukiwa umeweka hita kwenye moto ili maji yapite. Kapeti likilowa tena na maji yameshuka chini ya alama, AC haihusiki.

Usifumue dashibodi bado! Fungua boneti, fuata ile mipira miwili mpaka inapoingia kwenye ukuta wa kabini, cheki klipu zake na kama kuna ukoko mweupe au wa kijani, maana mpira unaweza kuvujia pale pale maji yakapenya ndani, na mpira ni bei rahisi. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto, utaungua uso.

Ikiwa hita yenyewe imetoboka na hela haipo, mwambie fundi aitoe kwenye mzunguko kwa kuunganisha mpira wa kuingia na wa kutoka, asiizibe miisho tu kwa sababu injini nyingine zinategemea maji yapite njia hiyo. Dawa za kuziba matundu mi sizipendi, zinaweza kuziba na rejeta kubwa ukaanza kuchemsha Segera. Mimi nimeitoa na gari linadunda, nikienda Lushoto nabeba sweta.