Uchovu usioondoka kwa kulala: jinsi ya kuutambua na kuuhudumia

Ugonjwa wa uchovu sugu, ambao madaktari huuandika ME/CFS, hautambuliwi kwa kuchoka peke yake. Mwenye upungufu wa damu huchoka, mwenye kisukari huchoka, anayekesha na mtoto mchanga huchoka. Alama yake kuu ni kuzidiwa baada ya kujituma. Leo mtu amefua beseni mbili za nguo na anajiona yuko sawa. Saa 12 hadi 48 baadaye hawezi kuinuka kitandani, koo linauma, mwili unauma kama wa mwenye homa, na maneno ya kawaida yanampotea. Anakaa hivyo siku kadhaa, pengine wiki. Kwa kuwa madhara huchelewa, wengi hawayahusishi na kazi iliyoyaleta, na daktari asipouliza, mgonjwa hasemi.

Kwa hiyo anza na daftari. Kwa wiki mbili, kila siku andika ulichofanya na kwa dakika ngapi, ulivyolala, na ukali wa dalili kwa alama 0 hadi 10. Usiandike kazi za mwili tu: kupokea wageni, kusimama foleni, kusoma na kugombana navyo hutumia nguvu. Kisha kwa kila siku mbaya, rudi nyuma siku moja na mbili uone kilichotangulia. Mpelekee daktari muhtasari wa ukurasa mmoja; daftari zima hatapata muda wa kulisoma.

Vigezo vya Marekani vya mwaka 2015 vinataka mambo matatu: uwezo wa kufanya kazi za awali umeshuka sana kwa zaidi ya miezi 6, pamoja na uchovu mzito, kuzidiwa baada ya kujituma, na usingizi usiompa mtu nafuu. Juu ya hayo, lazima liwepo angalau moja kati ya akili kuwa nzito au hali kuharibika mtu anaposimama. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021, uliotolewa na NICE, taasisi ya nchi hiyo inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu kuushuku ugonjwa baada ya wiki 6 kwa mtu mzima na wiki 4 kwa mtoto, na kuuthibitisha kwenye miezi 3. Kupumzika kuanze pale unaposhukiwa.

Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Vipimo hufanywa kutafuta magonjwa mengine: picha kamili ya damu, akiba ya chuma (huweza kuwa chini hata damu ikiwa ya kutosha), sukari, tezi la shingo, figo, ini, kalsiamu na mkojo. Afrika Mashariki ongeza VVU, na kifua kikuu, brusela (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo), kichocho na minyoo ya safura kulingana na dalili na mahali mtu anapoishi. Kukonda, kutoka jasho usiku au homa isiyoisha kunadai uchunguzi wa haraka. Majibu yakirudi safi, hiyo si hati ya kwamba mgonjwa anajifanya. Ili kuutenganisha na sonona, muulize: ungepona kesho, ungefanya nini? Mwenye ugonjwa huu kwa kawaida hutaja mambo mengi. Hamu anayo, nguvu hana.

Kipimo cha kusimama hakihitaji zaidi ya mashine ya presha na msaidizi. Lala chali dakika 10, pima presha na mapigo. Simama ukiegemeza mabega ukutani, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, na upimwe kila dakika hadi ya 10. Usichezeshe miguu, maana misuli ya miguu husukuma damu juu na kuficha tatizo. Ukihisi kuzimia, acha hapo hapo. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu bila presha kushuka (40 kwa wa miaka 12 hadi 19), mwonyeshe daktari namba hizo. Hali hiyo ina tiba: maji lita 2 hadi 3 kwa siku, chumvi zaidi, soksi za kubana, na dawa daktari akiona zinafaa. Mwenye presha ya juu, ugonjwa wa moyo au figo asiongeze maji wala chumvi bila ruhusa.

Dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe haipo. Kinachosaidia ni kujipimia nguvu. Pima mapigo kila asubuhi kabla ya kuinuka kwa siku 7, tafuta wastani, ongeza 15: hicho ni kikomo cha kuanzia ambacho mapigo yasikipite unapofanya kazi, isipokuwa unatumia dawa zinazopunguza mapigo. Pika na oga ukiwa umeketi. Gawa kazi vipande vya dakika 5 hadi 10, ulale katikati, na upumzike kabla hujachoka. Hatari kubwa ni siku nzuri: mtu hufidia kazi zote zilizolala, kisha huanguka. Ndiyo maana NICE iliacha kupendekeza mazoezi yanayoongezwa kwa ratiba. Anayemlazimisha mgonjwa kukimbia “apate nguvu” anaweza kumshusha kwa miezi.

Maumivu na usingizi hutibiwa kwa dawa za kawaida, kuanzia dozi ndogo kabisa, kwa sababu wagonjwa hawa mara nyingi huzidiwa na madhara ya dawa.

Aliyelazwa kitandani mpe giza na ukimya, na swali moja kwa wakati, la kujibiwa ndiyo au hapana. Mgeuze mara kwa mara asipate vidonda, mnyweshe kwa mrija. Akishindwa kumeza au akizidi kukonda, apelekwe hospitali akiwa amelala, macho yamefunikwa na masikio yamezibwa, na wahudumu wajulishwe mapema.