Kumlaza mtoto mchanga chali: mwongozo kwa mama, baba na bibi

"Sista, nimlaze vipi? Wodini mlisema chali, nyumbani bibi anasema ubavu, jirani anasema kifudifudi ndiyo analala sana." Swali hili naulizwa kila wiki kliniki, mara nyingi kwa sauti ya chini ili mama mkwe aliyekaa kwenye benchi asisikie. Mimi ni muuguzi mkunga, nahudumia kina mama waliojifungua, hapa pwani. Jibu langu ni moja: chali, kila usingizi, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka.

Hatua ya 1: Maliza kwanza hofu ya kupaliwa

Nimeanza hapa kwa sababu hofu hii ikibaki, usiku wa manane mtoto atageuzwa tu. Watu wanaogopa kwamba akicheua akiwa chali, maziwa yatamwingia kwenye mapafu.

Pitisha kidole mbele ya shingo yako. Hilo bomba gumu unaloligusa ni njia ya hewa. Njia ya chakula iko nyuma yake, upande wa uti wa mgongo. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula chini. Maziwa yakirudi, yanabaki chini. Ili yaingie kwenye hewa ni lazima yapande. Mtoto mzima wa afya atayameza tena, au atakohoa na kuyatoa pembeni mwa mdomo. Akilala kifudifudi, njia ya chakula ndiyo inakuwa juu, na kinachorudi kinateremka kuelekea kwenye hewa. Yaani mkao tunaodhani unamkinga ndio wenye hatari.

Bibi akisema wanawe wote walilala kifudifudi wakakua, hasemi uongo. Kwa miaka mingi hata madaktari wa Ulaya na Marekani walishauri hivyo. Uingereza ilibadilisha ushauri kwa kampeni kubwa mwaka 1991, Marekani ikafuata na kampeni yake mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikashuka kwa karibu nusu au zaidi. Watoto kufa kwa kupaliwa hakukuongezeka.

Akiwa kifudifudi, mtoto huvuta tena hewa aliyokwisha kuitoa, iliyonaswa kati ya uso na shuka. Joto la mwili halitoki vizuri. Na usingizi wake unakuwa mzito kiasi kwamba hewa ikipungua hashtuki. Ule usingizi mrefu anaousifu jirani, mimi ndio unaonitia wasiwasi. Miezi ya hatari zaidi ni kuanzia wa pili hadi wa nne. Ubavu nao hauaminiki, kwa kuwa ni rahisi mno mtoto kupinduka na kuangukia tumbo.

Zungumza na bibi mapema, kabla ya arobaini kuanza, maana ndiye atakayemwogesha na kumlaza. Mtoto aliyezoea chali, akilazwa kifudifudi siku moja na mtu mwingine, hatari yake inapanda sana. Kwa hiyo dada wa kazi, shangazi, na yeyote atakayebaki na mtoto lazima ajue.

Hatua ya 2: Andaa mahali pa kulala

Godoro liwe gumu na bapa. Likibonyea ukilikandamiza kwa kiganja na shimo likabaki, halifai. Kitanda cha kamba kilicholegea kinatengeneza bonde, na mtoto anateremkia humo. Bora utandike godoro sakafuni juu ya mkeka. Ondoa mito, blanketi zito na midoli. Shuka ibanwe vizuri chini ya godoro. Chandarua chenye dawa ni lazima, lakini kichomekwe pande zote chini ya godoro, kisining'inie karibu na uso.

Wengi wetu tunalala na watoto kitanda kimoja. Kilicho salama zaidi ni chumba kimoja, sehemu yake pembeni yako, angalau miezi sita ya kwanza. Pasipo na nafasi hiyo, mlaze chali upande wa mama, mbali na mto na mbali na mwanya wa ukuta, wala asiwe katikati ya wazazi. Kama yeyote kitandani amekunywa pombe, anavuta sigara au ametumia dawa ya usingizi, mtoto asilale hapo kabisa. Kochi ni pabaya kuliko kitanda: ukisikia usingizi unakuzidi wakati unanyonyesha kwenye kochi, inuka uhamie kitandani.

Mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 asilale kitanda kimoja na watu wazima. Kama wodini mlifundishwa kumbeba kwa njia ya kangaruu, endelea kama mlivyoelekezwa: wima kifuani, ngozi kwa ngozi, uso umegeukia pembeni, mama akiwa ameegemea.

Hatua ya 3: Mwandae mtoto

Mnyonyeshe, mcheulishe begani, kisha mlaze. Mvike kulingana na hali ya hewa, na ndani ya nyumba kofia ivuliwe wakati wa kulala. Tanga au Dar es Salaam mwezi Februari, fulana na nepi vinatosha. Gusa kifua au shingo kwa nyuma; pakiwa na jasho, punguza nguo. Viganja kuwa vya baridi ni kawaida.

Kwa walio Njombe, Makete au Lushoto: ongeza nguo, lakini jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa limebaki majivu yenye moto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua familia nzima.

Hatua ya 4: Mgeuze kichwa, na mchana mpe tumbo

Kisogo kuwa bapa ndiyo hofu ya pili kwa ukubwa. Leo elekeza uso kulia, kesho kushoto. Akiwa macho na wewe unamtazama, mlaze kifudifudi kifuani pako au kwenye mkeka, dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo. Shingo inapata nguvu na kisogo kinapumzika. Akisinzia, mrudishe chali.

Hatua ya 5: Akianza kujigeuza

Endelea kumlaza chali. Akiweza kujipindua mwenyewe kwenda na kurudi, huna haja ya kukesha ukimgeuza. Kama ulikuwa unamfunga kanga mikono ndani, acha pale tu anapoonyesha dalili za kujigeuza.

Wakati wa kukimbilia kituo

Kupumua kwa kukatika sekunde chache kisha kuendelea ni kawaida kwa mchanga, na kushtuka mikono ikiruka pia. Lakini akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, hesabu tena; zikiwa bado hivyo, nenda. Nenda pia pumzi zikisimama kwa sekunde 20, midomo ikiwa ya bluu, akitapika kijani, akikataa kunyonya au akiwa mlegevu. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.